Alilipia mitetea 24, nusu wakawa majogoo

Muuzaji aliapa. Alisema vifaranga wote 24 waliokuwa ndani ya yale maboksi mawili ni mitetea, kwamba amewachambua mwenyewe mmoja mmoja, na kwamba mama akitaka waliochanganyika atampa kwa Sh5,000, lakini mitetea mitupu ni Sh7,000. Walikuwa na umri wa mwezi mmoja, kuku chotara wa kila rangi: weusi, wa kahawia, wenye madoadoa, na mmoja mweupe mwenye kichwa kidogo. Mama akahesabu Sh168,000 pale pale uani kwake, Kihonda, mjini Morogoro. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Agosti.

Fedha hizo hazikuwa zake. Alikopa Sh300,000 kwenye kikoba cha akina mama wa mtaa, arejeshe kwa awamu tatu za Sh105,000, mwisho wa Oktoba, wa Novemba na wa Desemba. Zilizobaki zilikwenda kwenye wavu, mbao na mfuko wa kwanza wa chakula. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: maandazi anayouza asubuhi yatalipa mkopo, na mayai yatampeleka binti mkubwa kidato cha kwanza Januari. Shule ya serikali haina ada, hilo kila mtu anajua, lakini godoro la bweni, sanduku, sare, viatu na madaftari havitolewi bure na mtu. Chotara akilishwa vizuri huanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi, wakati kuku wa asili humsubiri mpaka miezi sita au saba. Kwa hiyo ukihesabu kutoka Agosti, yai la kwanza lingeangukia mwanzoni mwa mwaka, wakati ule ule fedha inapotakiwa.

Mumewe, fundi wa magari, hakuafiki. Alisema kuku wa mjini ni kufuga vicheche vya jirani. Hata hivyo Jumapili moja alishika nyundo akapiga misumari ya banda, na katika ndoa nyingi hiyo inatosha kuitwa ruhusa.

Mtu wa tatu katika jambo hili alikuwa mama mkwe. Alikuja tangu Pasaka kutoka Singida kutibiwa mguu, na kwa kuwa hawezi kutembea sana, hukaa kutwa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, mita chache kutoka lilipo banda. Singida na kuku wa kienyeji ni kama Tanga na machungwa. Msafiri wa basi anajua. Mama mkwe amezaliwa kati ya kuku, ameolewa kwa watu wenye kuku, na katika maisha yake hajawahi kununua kifaranga kwa fedha. Aliposikia Sh7,000 aliuliza mara mbili kama ni bei ya mmoja au ya boksi zima. Alipoambiwa ni ya mmoja alitazama upande mwingine.

Wawili hawa hawakuwa wamegombana, lakini hawakuwa na mazungumzo. Nyumba ina mabinti watatu. Miaka sita iliyopita, alipozaliwa wa tatu, mama mkwe alimwambia mtu sebuleni, “Nyumba hii haina wa kuwika.” Mzazi alikuwa chumba cha pili, amelala na mtoto, na ukuta ni wa tofali moja. Tangu hapo ni “shikamoo mama”, “marahaba”, chakula kinaandaliwa, dawa zinatolewa kwa saa, na basi.

Kifaranga mmoja alikufa wiki ya kwanza, usiku wa baridi. Wakabaki 23. Waliobaki walikula, wakaota manyoya, na walipofika wiki ya saba hivi uani pakaanza kubadilika. Baadhi ya vichwa vilikuwa na kilemba cha rangi ya waridi kilichoanza kusimama, na vindevu viwili vikichungulia chini ya mdomo. Vichwa vingine vilibaki vya njano iliyopauka. Binti wa kati, aliye darasa la nne, alihesabu wenye kilemba akafika tisa. Wiki iliyofuata wakawa kumi na mmoja. Mama aliacha kuuliza hesabu.

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka mtaalamu. Baba alisema tazama miguu: jogoo ana miguu minene, mtetea miembamba. Kuna ukweli ndani yake, lakini kuku aliyekula vizuri ana miguu minene kuliko mwenzake mnyonge bila kujali jinsia, na banda lile lilikuwa na mabavu mengi kwenye chombo cha chakula. Jirani alileta sindano iliyofungwa uzi. Ukiining'iniza juu ya kuku, akasema, ikizunguka ni jike, ikienda mbele na nyuma ni dume. Ilizunguka juu ya kila kuku. Binti wa kati akaijaribu juu ya beseni la maji, nalo likawa jike. Wapo pia wanaomshika kuku miguu na kumgeuza kichwa chini, wakiamini dume hujitahidi kuinua kichwa na jike hutulia. Walipojaribu, wote 23 walijitahidi kuinua kichwa, jambo ambalo mtu yeyote angelifanya.

Mama mkwe alisema tatizo lilianza mapema zaidi. Kwao, alisema, mitetea huchaguliwa kwenye yai. Unapoweka mayai chini ya kuku anayeatamia, yaliyochongoka ni majogoo, ya mviringo ni mitetea. Imani hii ni kongwe kuliko Singida. Aristotle wa Ugiriki aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba yai refu lililochongoka hutoa jike. Columella wa Roma, aliyeandika juu ya kilimo miaka kama 400 baadaye, akasema kinyume: mayai marefu yenye ncha ndiyo ya majogoo. Wazee wawili wenye heshima, yai moja, majibu mawili. Hapo mtu angepaswa kushtuka, lakini wafugaji wa pande zote za dunia wameendelea kuchagua mayai kwa umbo hadi leo, na kwa kuwa nusu ya vifaranga hutoka majike kwa vyovyote vile, kila mmoja huona dawa yake imefanya kazi kiasi.

Aliyemaliza ubishi wa mayai ni afisa mifugo wa kata. Alikuja kuwachanja kuku wa mtaa dhidi ya kideri, tone moja jichoni, na alipomaliza banda lile aliombwa chai. Alieleza kwamba jinsia ya kifaranga huwekwa kabla ganda halijafunika yai. Ganda huja mwishoni, na umbo lake hutokana na njia ya uzazi ya kuku anayetaga; kuku mmoja anaweza kutaga mayai yaliyochongoka maisha yake yote na akapata majike na madume. Kisha akaongeza jambo ambalo huenda aliliona dogo. Kwa kuku, alisema, jike ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana, na yeye ndiye anayeamua kifaranga awe nani. Jogoo hana la kuamua. Kwa binadamu ni kinyume chake: mbegu ya mwanamume ndiyo inayobeba uamuzi wa mtoto awe wa kike au wa kiume. Mama hutoa aina moja tu.

Binti wa kati aliweka kikombe chini. “Kwa hiyo sisi kuwa wasichana watatu ni baba?”

Afisa akacheka, akasema ndiyo, ila hata baba hachagui. Ni kama kurusha sarafu. Mama aliinuka kwenda kuangalia maandazi ambayo hayakuwa jikoni. Mama mkwe alikunywa chai yake mpaka chini, akasema neno moja: “Kumbe.”

Chai ilikuwa bado ipo, hivyo mama aliporudi aliuliza lile lililokuwa likimsumbua: je, yule muuzaji aliweza kweli kuwajua mitetea wakiwa na mwezi mmoja?

Inategemea kuku, afisa alisema, na maelezo yake yanafaa kusikilizwa na kila anayenunua vifaranga. Zipo njia za kumjua kifaranga hata siku anayototolewa. Wajapani Kiyoshi Masui na Juro Hashimoto walionyesha katika miaka ya 1920 kwamba ukikifunua kwa ustadi kitundu cha haja cha kifaranga wa siku moja utaona kijinundu kinachotofautisha dume na jike. Kutokana na hapo kukazaliwa kazi kamili, watu wanaochambua vifaranga kwa kasi ya ajabu huku wakikosea wachache mno. Lakini hujifunza kwa muda mrefu, na asiyejua akijaribu anaweza kumuua kifaranga mkononi. Njia ya pili ni mabawa: katika baadhi ya koo za kuku, zilizochaguliwa makusudi kwa ajili hiyo, jike huanza na manyoya marefu ya bawa na dume mafupi. Ya tatu ni rangi. Kuku wengi wa mayai wa kahawia wanaouzwa na viwanda vya kutotolesha wamepangwa kizazi kwa kizazi ili majike yatoke ya kahawia na madume meupe au ya njano, na ndiyo maana anayenunua vifaranga hao hupata mitetea karibu wote.

Chotara wa mtaani, waliochanganyika mara nne na tano, hawana alama yoyote ya namna hiyo. Akiwa na mwezi mmoja, mzoefu anaweza kukisia baadhi yao kwa kilemba. Hawezi kuapa kwa wote 24. Na akiwa kweli ana jicho hilo, basi kuna mnunuzi aliyetangulia ambaye huenda alichaguliwa mitetea kwanza, akaachiwa wa nyuma wale waliobaki. Mama alipiga hesabu kimya kimya: Sh2,000 mara 24 ni Sh48,000, bei ya neno moja.

Simu ya muuzaji ilikuwa inaita bila kupokelewa tangu Septemba.

Kuanzia siku ile mama mkwe alianza kufanya kazi. Hakuna aliyemtuma. Alimwita binti wa kati, akamwagiza vipande vya nyuzi za rangi kwa fundi cherehani wa jirani, na kila jioni kuku walipopewa chakula alikuwa akimwomba amkamatie mmoja. Alimlaza mapajani, akampapasa, akampuliza manyoya, kisha akamfunga uzi mguuni: mwekundu kwa jogoo, wa bluu kwa mtetea, na mweupe kwa yule asiyejulikana. Mara ya kwanza nyuzi nyeupe zilikuwa nyingi kuliko zote. Aliwaambia wajukuu kwamba hawa si kuku wa kwao. Wanakua haraka kuliko akili zao, na alama alizozizoea zinakuja mapema au zinachelewa. Kwa hiyo kila wiki alirudia.

Alichokuwa akitafuta hakikuwa kichwani. Wengi wetu hutazama kilemba kwa sababu ndicho kinachoonekana kwa mbali, na mara nyingi hakidanganyi: akifika wiki ya nane, chotara mwenye kilemba kikubwa chekundu kwa kawaida ni jogoo. Lakini kilemba hutegemea ukoo. Mtetea mwenye damu ya kuku wa mayai anaweza kuwa na kilemba kikubwa kinacholegea upande, na chenye wekundu mapema. Upande mwingine, kuku mwenye damu ya Kuchi, wale warefu wa kupigana, huwa na kilemba kidogo kilichobonyea juu ya mdomo, na jogoo wake mchanga anaweza kukaa miezi kadhaa akifanana na dada zake.

Mama mkwe alitazama mgongo. Mahali kiuno kinapokutana na mkia, alisema, hapo kuku hawezi kuficha. Kuku akikaribia miezi mitatu manyoya mapya huanza kuchomoza pale. Ya mtetea ni mapana, ncha yake ni ya mviringo kama ukucha wa kidole gumba. Ya jogoo ni membamba, yamechongoka kama jani la mchaichai, yana mng'ao, na baadaye hudondokea pembeni mwa kiuno. Shingoni ni vivyo hivyo. Mkiani jogoo huota manyoya marefu yanayopinda, mtetea hana. Ukiona nyoya moja tu lililochongoka na kung'aa mahali pale, inatosha. Ila lazima ulifunue kwa mkono, sehemu yenye mwanga, kwa sababu linapoanza limejificha chini ya manyoya ya utotoni.

Wazee wa pwani walikuwa na jina la jogoo mchanga asiyeanza kuwika: pora. Neno hili limepotea sokoni, ambako siku hizi kuna mitetea na majogoo tu, kana kwamba katikati hakuna kitu. Lakini kipindi chote cha wasiwasi cha mfugaji kipo hapo katikati, wakati pora anakula chakula cha mtetea na hakuna anayeweza kuapa.

Nao walikuwa wakila. Kufikia wiki ya kumi na mbili kuku 23 walimaliza karibu kilo mbili kwa siku, na fedha ya maandazi iliyopaswa kulipa kikoba ilikuwa ikiingia kwenye pumba, mashudu na dagaa. Mwisho wa Oktoba ukakaribia. Mama alikuwa na rejesho lote la kutafuta.

Ndipo mchuuzi wa kuku alipokuja, na pikipiki yenye matenga mawili. Alisimama mlangoni, akatazama uani kwa dakika moja, akasema kuna majogoo kumi na matatu, atawachukua wote kwa Sh10,000 kila mmoja. Sh130,000, taslimu. Ukilinganisha na sikukuu ilikuwa bei ya chini. Wakisubiri Krismasi wangefika Sh18,000 au zaidi. Lakini kati ya pale na Krismasi kulikuwa na wiki nane za kula, na kikoba hakisubiri Krismasi.

“Si kumi na watatu,” mama mkwe alisema kutoka kwenye kiti chake. “Ni kumi na mmoja. Wale wawili wenye uzi wa bluu ni mitetea.”

Mchuuzi alicheka kwa adabu. Wawili aliowataja walikuwa na vilemba vyekundu kuliko hata baadhi ya majogoo. Mmoja wa kahawia, mwenye kilemba kilicholalia jicho, na mwingine wa madoadoa. “Bibi, mimi nakamata kuku kila siku,” alisema. “Hao wakikaa hapa mwezi mmoja watawaamsha saa kumi.” Kisha akamgeukia mama na kumpa bei mpya: wote kumi na watatu kwa Sh10,000, au kumi na mmoja kwa Sh9,500, kwa kuwa tenga lisilojaa ni hasara kwake.

Mama alimpigia mumewe. Gereji kulikuwa na kelele, ikabidi arudie mara mbili. Jibu lilisikika mpaka chini ya mwembe: uza wote, hao ni majogoo, hata kipofu anaona. Alikata simu akasimama katikati ya uwanja. Tofauti ilikuwa Sh25,500. Upande mmoja kulikuwa na mtu anayekamata kuku kila siku, mume wake, na macho yake mwenyewe, kwa sababu naye aliona vilemba vyekundu. Upande mwingine kulikuwa na bibi mmoja mwenye nyuzi.

Hakwenda kwa mchuuzi. Alimkamata yule wa kahawia, akamletea mama mkwe, akapiga magoti mbele ya kiti. “Mama, nionyeshe.”

Yule mzee akamgeuza kuku ili mgongo uelekee jua, akayafunua manyoya ya kiuno kwa vidole viwili. Mama akatazama. Kisha wakamleta mmoja wa majogoo wenye uzi mwekundu, wakamlaza pembeni yake, wakafunua mahali pale pale. Tofauti haikuhitaji maelezo. Moja lilikuwa nyoya la mviringo, lisilong'aa. Lingine lilikuwa na ncha, na lilipogeuzwa kwenye mwanga lilimeta rangi ya shaba.

Wa madoadoa alikuwa mgumu zaidi. Manyoya yake mapya yalikuwa mawili tu, mafupi, na mama mkwe mwenyewe aliyatazama muda mrefu. “Huyu nakwambia mtetea,” alisema, “lakini siapi.”

Mchuuzi aliondoka na kumi na mmoja. Sh104,500. Rejesho la kikoba lilikuwa Sh105,000, na zile Sh500 zilitoka kwenye kopo la chumvi. Mume alirudi usiku, akawakuta wale wawili bandani na vilemba vyao, akala bila kusema kitu, na kwa wiki tatu zilizofuata kila alipopita aliwaamkia: “Habari za kuwika, wazee?”

Aliyewika hakuwa mmoja wao. Katikati ya Novemba, alfajiri, sauti kama ya mlango wenye kutu ilitoka bandani. Wote walitoka nje na tochi. Alikuwa yule mweupe mwenye kichwa kidogo, mpole, aliyebaki nyuma wenzake wakigombea chakula, ambaye mabinti walishampa cheo cha mtagaji bora, na ambaye mama mkwe alimfunga uzi wa bluu tangu wiki ya kwanza na hakumrudia tena. Damu ya Kuchi, bila shaka. Bibi alicheka mpaka akashika mguu wake mbovu. Alisema kule kwao angechinjwa kwa udanganyifu, kisha akamtuma mjukuu ambadilishie uzi.

Hesabu ya mwisho ikawa kuku kumi na wawili: mitetea kumi na mmoja na jogoo mmoja. Katika vifaranga 24 walionunuliwa kwa jina la mitetea, ukiacha aliyekufa, majogoo walikuwa kumi na wawili. Karibu nusu kwa nusu kabisa, kama asili inavyogawa. Yule muuzaji hakuchambua hata mmoja.

Desemba ilikuwa ngumu. Rejesho la Novemba lilitoka kwa shida, na la Desemba mume alilimalizia kwa fedha ya gari moja lililokaa gereji wiki mbili. Hakulitaja tena. Mama mkwe sasa alikuwa akiwakagua mitetea kwa njia nyingine, akipima kwa vidole ile mifupa miwili chini ya mkia: mifupa ikikaribiana kiasi cha kupitisha kidole kimoja bado, ikiachana vidole viwili au vitatu yai liko njiani. Binti wa kati alikuwa na kipimo chake. Alimwekea kuku kiganja mgongoni. Mtetea aliye karibu kutaga hujikunyata chini na kutanua mabawa kidogo, asiye tayari hukimbia. Wa kwanza kujikunyata alikuwa wa kahawia, mwenye kilemba kilicholalia jicho.

Alitaga Jumanne ya wiki ya kwanza ya Januari, yai dogo lenye tone la damu kwenye ganda, kama mayai ya kwanza yalivyo. Wa madoadoa alifuata siku nne baadaye. Wenzao wenye vichwa vilivyopauka, waliokuwa wakihesabiwa kuwa mitetea bila ubishi, walichukua wiki mbili na tatu zaidi, na hilo linaeleza ule wekundu wa mapema: walikuwa wametangulia tu.

Mayai hayo hayakununua godoro. Hayakuwahi, shule ilifunguliwa wakati trei la kwanza halijajaa, na binti mkubwa aliondoka na godoro lililokopwa kwa shangazi. Lakini kufikia Machi mama alikuwa akiuza trei mbili kwa wiki mtaani bila kupeleka sokoni, deni la shangazi likapungua, na majirani wawili wakaanza kumletea bibi vifaranga wao kwenye ndoo awatazame mgongo. Huwaambia warudi wakifikisha miezi mitatu.

Kinachobishaniwa sasa ni yule jogoo mweupe. Mitetea haihitaji jogoo ili itage. Inahitaji jogoo kama mayai yatatotolewa, na jogoo mmoja anatosha mitetea kumi. Mume anasema auzwe, anakula bure, na mpangaji wa nyumba ya pili ameshalalamika mara mbili juu ya saa kumi alfajiri. Mama anataka vifaranga wa nyumbani ili asinunue tena kwa mtu, ila afisa mifugo amemtahadharisha kwamba huenda jogoo huyu ni kaka wa nusu ya banda, na ni afadhali abadilishane na mfugaji mwingine. Mama mkwe hataki kusikia habari ya kubadilishana. Mguu umepata nafuu, atarudi Singida mvua zikiisha, na anataka kuondoka na huyo huyo, ndani ya tenga, kwenye basi. Amemwambia mkwewe akija kumtembelea atamchagulia jogoo mwingine kwa mkono wake, na aje na wajukuu wote watatu.